Sufuria ya Mwisho

Ukutani kwenye karakana ya Baba Mdogo, Soweto ya Mbeya, kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa chaki: 47. Chini yake, kwa herufi kubwa, neno moja: IMEPIMWA. Mteja akiuliza, vijana walimjibu kwamba hizo ni sentimita, kwamba injinia wa chuo ndiye aliyepima, na kwamba alumini ya hapa inatiririka kuliko ya karakana nyingine yoyote ya barabara hii. Injinia huyo ni mimi. Namba ilikuwa ya kweli. Shida ilikuwa kwenye lile neno.

Soweto yetu ilichukua jina la ile ya Johannesburg, lakini kinachotufanya tuwe sisi ni barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia. Malori yanapita usiku na mchana, na yanapopita yanaacha vitu: pistoni zilizochoka, rimu zilizopasuka, vichwa vya injini, rejeta zinazovuja. Vijana wa skrepa huvikusanya na mikokoteni na kuvileta kwa watu kama Baba Mdogo. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, nilikuwa bado mtoto. Nakumbuka alivyorudi nyumbani na gunia la mabonge ya alumini yaliyoganda kama mishumaa iliyoyeyuka. Yalikuwa sufuria za wafanyabiashara. Aliyanunua, akayayeyusha, akatengeneza sufuria tena. Mama alimwambia, "Shemeji, hizo zina machozi ya watu." Akajibu kwamba moto unachuja kila kitu.

Nilikua nikiiamini sentensi hiyo.

Kazi yenyewe ukiitazama ni nyepesi, mpaka uishike. Chungu cha kuyeyushia ni mtungi wa gesi uliokatwa kichwa. Tanuri ni shimo lililojengewa tofali, linakula mkaa na oili chafu, na feni ndogo inapuliza kutoka chini. Kalibu ni mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, ukashindiliwa ndani ya fremu za mbao kuizunguka sufuria ya mfano. Ukiitoa sufuria ile taratibu, inabaki nafasi nyembamba ya umbo lake. Ndani ya nafasi hiyo unamimina alumini, na unaomba Mungu ifike kila kona kabla haijaganda. Isipofika, sufuria inatoka na tundu ubavuni. Baba Mdogo alisema alumini hiyo "imelala njiani."

Juni na Julai, Mbeya inapokuwa na baridi ya kuuma masikio, nyingi zililala njiani. Basi alikuwa anaweka makaa juu ya kalibu kwanza, zipate joto. Kabla ya kumimina alizungusha fimbo ya chuma ndani ya chungu, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza. Akisema "bado nzito," tulingoja. Akisema "sasa," kila mtu alikaa mkao.

Sisi ni Wakinga wa Makete. Mababu zetu walitengeneza chuma kule kwenye milima ya Livingstone, na majembe yao yaliteremka hadi kwa Wanyakyusa. Baba Mdogo alipenda kulitaja hilo, hasa mbele ya wateja. Sikumbuki akieleza walifanyaje. Hilo nilikuja kulijua darasani, nilipochukua uhandisi mitambo hapahapa Mbeya, kwa ada iliyotoka kwenye sufuria za shughuli, zile kubwa za kupikia pilau la harusi. Mhadhiri alituambia kwamba katika tanuri za asili za Nyanda za Juu Kusini, pamoja na yale malungu ya Ufipa yaliyosimama juu kuliko mtu na kuvuta hewa yenyewe bila mivukuto, chuma hakikuwa kinayeyuka kikawa maji. Kilichoyeyuka ni uchafu wake, mavi ya chuma. Uchafu ukitiririka vizuri, donge la chuma linabaki safi kiasi cha kufuliwa. Uchafu ukiwa mzito, kazi yote imepotea. Akatupa na mfano wa karibu: mwamba wa Liganga kule Ludewa, ambao una chuma kilichoambatana na titani. Titani ikizidi ndani ya tanuri kubwa la kisasa, uchafu unakuwa mzito kama ugali na unagoma kutoka. Mlima mzima wa chuma, na mojawapo ya maswali yake makubwa ni uzito wa uji.

Siku hiyo ndiyo nilijifunza neno mnato kama namba. Kabla ya hapo nilidhani ni tabia, kama ukali au upole.

Maji ya nyuzi 20 yana mnato wa milipaskali-sekunde 1. Asali hufika maelfu. Nikakisia kwamba alumini iliyoyeyuka, kwa jinsi nilivyoiona ikimiminwa tangu utotoni, itakuwa katikati, labda karibu na mafuta ya kula. Jibu lilikuwa 1.3 hivi, pale inapoyeyuka kwenye nyuzi 660. Hata chuma kilichoyeyuka, kwenye nyuzi 1538, hakizidi 6. Na kwa kuwa alumini ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya maji kwa ujazo uleule, inajisukuma yenyewe kiasi kwamba, ukihesabu vizuri, inatiririka kirahisi kuliko maji ya bombani.

Nilikaa na karatasi hiyo muda mrefu. Kama ni nyepesi kuliko maji, Baba Mdogo alikuwa anasikia nini kwenye fimbo?

Nilisoma namna watu wanavyopata namba hizo, maana huwezi kuingiza chombo cha kawaida kwenye kitu kinachounguza kila kitu. Wanaweka metali ndani ya kopo lililofungwa, wanalining'iniza kwa waya ndani ya tanuri, wanalizungusha kidogo na kuliachia. Kopo linakwenda na kurudi, kila safari fupi kuliko iliyotangulia, kwa sababu kimiminika kilichomo kinaburuzana na kuta na kula nguvu ya mzunguko. Kasi ya kufifia kwa mizunguko ndiyo inayokupa mnato. Mfaransa Coulomb aliutumia ufundi wa namna hiyo zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, akizungusha kisahani kilichoning'inizwa kwa waya ndani ya vimiminika vya kawaida. Na kipimo cha zamani cha mnato, poisi, kimechukua jina la Mfaransa mwingine, Poiseuille, ambaye alikuwa daktari. Yeye hakuwa anatafuta metali. Alitaka kujua damu inapitaje kwenye mishipa myembamba. Nilipolisoma hilo niliona ni jambo la kufurahisha tu, nikafunua ukurasa.

Kwa mradi wangu wa mwaka wa nne, 2019, nilichagua kipimo cha wafua metali wenyewe. Unachonga kwenye mchanga mfereji mwembamba uliojikunja kama konokono, wenye upana uleule mwanzo hadi mwisho. Unamimina alumini katikati, kwa joto lilelile kila mara. Inakimbia kuzunguka mpaka inaganda. Unaipasua kalibu na kupima imefika sentimita ngapi. Hicho hakipimi mnato. Kinapima safari.

Na safari ndiyo iliyonipa jibu la fimbo. Kinachoizuia alumini si unene wake. Ni kwamba inaganda haraka, na ikigusana na hewa inavaa ngozi ya oksidi, nyembamba kuliko karatasi lakini ngumu, ambayo inalazimika kuichana kila inaposogea. Ukiipasha joto zaidi, mnato wake hushuka kidogo tu, lakini safari inarefuka sana kwa kuwa ina muda zaidi kabla ya kuganda. Baba Mdogo aliposema "bado nzito," mkono wake ulikuwa unasikia punje ambazo hazijayeyuka na vipande vya ngozi ile. Alikuwa sahihi kuhusu lini amimine. Hakuwa sahihi kuhusu sababu, na sababu haikuwahi kumzuia.

Nilifanyia vipimo karakanani kwake, jioni, wateja wakishaondoka. Nilikuja na waya wa kupimia joto wa kuazima, tukamimina kila mara kwenye nyuzi 720. Mchanganyiko wa nyaya na mabati ulikwenda sentimita 31. Mchanganyiko wa kila kitu, 38. Pistoni peke yake, 47. Hilo lina maelezo: pistoni zina silikoni nyingi, na silikoni inapoganda hutoa joto jingi, hivyo inaipa alumini nzima muda wa kusafiri. Baba Mdogo hakuhitaji maelezo. Alishika ile konokono ya 47 ingali ya moto, kwa glavu zake zilizotoboka, akainyanyua juu kama mtu aliyepata kikombe. "Miaka ishirini nawaambia pistoni," akawaambia vijana. "Haya, chuo kimesema."

Akachukua chaki.

Nilipata alama nzuri. Yeye alipata wateja. Mama ntilie wa stendi walianza kuagiza kwake. Nilipita pale nikiwa na shati la ofisini, vijana wakiita "Injinia!", na nilijisikia kwamba deni la ada limeanza kulipika.

Mwaka 2021 nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa nilipokutana na utafiti uliochapishwa 2017. Watafiti walikuwa wamekusanya vyombo 42 vya kupikia vya alumini kutoka nchi kumi, Tanzania na Kenya zikiwamo. Walivichemsha kwa saa mbili na asidi hafifu ya namna ya siki, kuiga chakula chenye uchachu. Vyombo 15 vilitoa risasi, mikrogramu moja au zaidi kwa kila mlo. Kabla ya hapo, 2014, baadhi yao walikuwa wamepima sufuria za Cameroon na kukuta jambo hilohilo. Chanzo ni skrepa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa ubongo wake bado unajengwa.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikafunga kompyuta nikaenda kula, na chakula kilikuwa kimepikwa kwenye sufuria ya Baba Mdogo.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka hapohapo. Nilikaa kimya miezi miwili. Nilijiambia kwamba vyombo 42 ni vichache, kwamba Soweto hakuna aliyepima, kwamba sisi tunatumia pistoni. Ukweli ni kwamba nilimwona mtu aliyeuza sufuria ili mimi nijue kusoma utafiti, na sikuona mlango wa kuingilia. Dada yangu alikuwa amerudi nyumbani na binti yake wa miaka miwili. Kila asubuhi mama alimpikia mtoto uji, akaukamulia ndimu.

Ndimu ndiyo iliyonishinda. Jumamosi moja nilifungasha vipande vitatu: kimoja cha pistoni, kimoja cha mchanganyiko, na cha tatu nilikikwangua kwenye ukingo wa sufuria ya mama ya uji. Nikaenda Chunya kwa jamaa anayenunua dhahabu, mwenye mashine ya mkononi inayomulika metali na kusoma kilichomo. Alicheka kwamba nimemletea masufuria. Akamulika. Kipande cha pistoni hakikuonyesha risasi. Cha mchanganyiko kilionyesha kidogo. Cha mama kilionyesha zaidi kuliko vyote. Namba zenyewe zilikuwa chini ya asilimia moja, ndogo kiasi kwamba mnunuzi wa dhahabu asingezijali. Nilirudi na basi la jioni nikijiuliza kwa nini ya mama.

Jibu nalo lilikuwa kwenye vitabu vyangu. Risasi na alumini havipatani. Risasi inayeyuka mapema, kwenye nyuzi 327, na ina uzito wa zaidi ya mara nne ya alumini. Ikiingia chunguni, sehemu ndogo tu ndiyo inayochanganyika, nyingine inazama chini na kukaa huko. Sufuria za kwanza zinachotwa juu. Ya mwisho inachotwa kwenye masalia. Na kwa kuwa masalia yana takataka, sufuria ya mwisho hutoka na mikwaruzo, haiuziki. Kwa miaka yote niliyomjua, jioni ya kufunga kazi, Baba Mdogo alikuwa akiichukua sufuria ya mwisho na kumpelekea shemeji yake.

Alikuwa anatupa zawadi.

Nilimwendea Jumapili baada ya ibada, karakana ikiwa imefungwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba." Akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nilianza na pistoni, kwamba ni nzuri, kwamba hazina shida. Alinisikiliza nikizunguka mpaka akachoka. "Sema, mwanangu. Umekuja na jambo."

Nikasema. Nilipomaliza, alinyamaza muda mrefu, akitazama ukuta.

"Hii ulipima wewe," akasema, kidole kwenye 47.

"Nilipima inavyotiririka, Baba. Sikupima kilichomo."

"Mimi nilijua umepima."

Sikuwa na la kujibu. Yeye si mtu wa kupandisha sauti, na hakupandisha. Alisema tu, taratibu, kama anayejihesabia: "Kwa hiyo ada yako ilitoka kwenye sumu." Kisha akasimama, akafungua mlango wa mabati, akatoka. Nilibaki na baridi ya tanuri lililozimwa.

Wiki mbili hakupokea simu yangu. Mama aliponiuliza nikamweleza na yeye. Akaishika ile sufuria ya uji, akaigeuza kuangalia kitako, kama vile ingeonekana. "Miaka mingapi?" akauliza. Hakusubiri jibu. Akaiosha vizuri, akaifuta, akaiweka juu ya kabati. Nilimwambia aitupe. Alisema, "Alinipa kwa moyo. Sitaipikia, lakini siitupi." Ipo hadi leo. Anawekea vifungo na sindano.

Wiki ya tatu Baba Mdogo alinituma kijana: nije, nisivae shati la ofisini. Nilikuta skrepa yote imemwagwa nje. Alitaka nimwonyeshe risasi inaingilia wapi. Tulichambua kutwa nzima. Rejeta za zamani zilikuwa na lehemu kwenye viungo. Vifaa vya umeme vilivyovunjwa vilikuwa na lehemu kila mahali. Lakini kubwa lilikuwa kwenye rimu, zile ambazo tulizisifu kwa kuwa ni alumini tupu. Pembeni mwa karibu kila rimu kulikuwa na vile vipande vidogo vya kijivu vinavyobanwa ili tairi lizunguke bila kutetemeka. Kimoja nilikikwaruza kwa kucha kikaacha mstari unaong'aa. Hakuna aliyewahi kuving'oa. Vilikuwa vidogo, na moto unachuja kila kitu.

Baba Mdogo alikipokea, akakipima uzito kiganjani. "Hiki kidogo hivi," akasema.

Siku hizi vinang'olewa kwa bisibisi kabla rimu haijafika tanurini. Rejeta na vifaa vya umeme hanunui tena, na kuna vijana wa skrepa waliohamia kwa wengine kwa sababu hiyo. Masalia ya chunguni hayamiminwi sufuria. Faida imepungua, na wateja hawaoni tofauti yoyote, kwa sababu hakuna tofauti ya kuona. Karakana nyingine za jirani zinaendelea kama zamani. Nimezungumza na mbili. Moja ilinisikiliza.

Binti wa dada sasa anasoma shule. Risasi haikai sana kwenye damu, inahamia kwenye mifupa na kutulia humo kwa miaka mingi, ikirudi kidogokidogo. Anasoma vizuri, walimu hawalalamiki. Lakini akisahau daftari, au akirudia neno mara mbili, wote tunacheka kama watu wanavyocheka na mtoto, na mimi nahesabu. Sijui hata nahesabu nini. Hapo ndipo huwa namkumbuka yule daktari wa Kifaransa na mishipa yake myembamba.

Namba ya ukutani ilifutika yenyewe. Mvua ilipitia kwenye upenyo wa bati, na hakuna aliyeiandika upya.

Mwezi uliopita nilipita jioni. Baba Mdogo alikuwa amechuchumaa mbele ya lundo na miwani yake ya kusomea, akichambua. Alinyanyua kipande cha bomba jeupe la alumini, limepakwa rangi iliyobanduka.

"Na hiki?"

Nilikigeuza. Inawezekana rangi ni salama, inawezekana si salama. Nilitamani sana kuwa na jibu.

"Sijui, Baba."

Alikichukua mkononi mwangu, akakitazama kidogo, akakiweka kando, kwenye lundo la tatu, ambalo limekuwa kubwa kuliko yale mengine mawili. Kisha akanyanyua kingine.